Mji unaotazama machweo: safari ya kamera na mashua mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Nimekuwa nikipiga picha za miji ya bandari ya mwambao wetu kwa miaka kumi na moja sasa, kuanzia Mikindani hadi Lamu, na kila niendako jambo la kwanza ninalouliza, kabla hata sijafungua begi la kamera, ni mji wenyewe umeelekea wapi. Lamu imeitazama Manda, upande wa mashariki. Bagamoyo hupokea jua usoni linapochomoza juu ya mkondo wa bahari unaoitenganisha na Unguja. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, hupendeza zaidi saa moja asubuhi, mwanga unapotoka baharini na kuyapa mawe yake ya matumbawe rangi ya mkate uliochomwa vizuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekwenda kinyume na ndugu zake hawa. Umejengwa upande wa magharibi wa kisiwa, ukilitazama bara, kwa sababu hapo ndipo majahazi yalipopata maji matulivu ya kutia nanga, Unguja nzima ikiwa kinga yao dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Kwa hiyo asubuhi uso wa mji huu uko kivulini, na mwanga huufikia alasiri.

Tatizo la mpiga picha linaanzia hapo. Jioni inapofika, wageni na wenyeji hukusanyika Forodhani, jua likiwa mbele yao na majumba yakiwa nyuma ya migongo yao, na karibu kila kamera huelekezwa kwenye jua. Nimefanya hivyo mwenyewe mara nyingi. Nina mamia ya picha za tanga jeusi mbele ya anga jekundu, na nyingi kati ya hizo zingeweza kupigwa popote penye bahari na chombo cha tanga. Mji haumo. Ili mji uingie kwenye picha, ukiwa umemulikwa na jua hilo hilo, inabidi mpiga picha ashuke majini, aende mbali na nchi kavu kiasi cha mita mia mbili au tatu, kisha alipe jua mgongo. Hiyo ndiyo huduma niliyoilipia mwezi wa Julai, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, uzuri wake na kasoro zake.

Wanaoiendesha ni watu wawili tu. Mmoja ni nahodha mwenye mashua yake ya tanga, yenye mashine ndogo ya kusaidia upepo unapokufa, na mwingine ni mzee aliyefanya kazi ya studio enzi za filamu, ambaye sasa anaongoza wapenzi wa picha. Hawana ofisi wala bango. Nilipewa namba ya simu na rafiki yangu wa Mlandege aliyewahi kwenda nao. Malipo yalikuwa shilingi 150,000 kwa mtu mmoja, kundi lisizidi watu wanne, na ndani ya bei hiyo kulikuwa na matembezi ya vichochoroni, saa mbili za baharini, kutumia albamu ya mzee ya nakala za picha za kale, na picha tano ambazo kila mshiriki huzichagua mwenyewe ili zichapishwe kwenye karatasi. Tulikuwa wanne: mimi, wanandoa kutoka Arusha, na kijana mmoja wa Chake Chake ambaye hakuwa na kamera, bali simu yake, na ambaye mwishowe alitoka na picha mbili nzuri kuliko zangu zote.

Nianze na lile lililonikera, kwa sababu linahusu usalama. Tulipofika ufukweni saa kumi na robo, mashua ilikuwa na jaketi tatu za kuokolea maisha, na abiria tulikuwa wanne. Nahodha alisema bahari ni shwari na hatutakwenda mbali. Mama wa Arusha alikataa kupanda, nami nilimuunga mkono, na ilibidi jaketi ya nne ikaazimwe kwenye chombo cha jirani huku sisi tukisubiri mchangani. Tulipoteza dakika ishirini na tano za mwanga ambao ndio tulioununua. Mzee aliomba radhi kwa dhati na nahodha hakubisha tena, lakini jambo hili lingepaswa kukamilika kabla mteja hajavua viatu. Yeyote atakayekwenda safari ya namna hii na mtu yeyote, aulize idadi ya majaketi kwa simu siku moja kabla, na aihakikishe kwa macho kabla ya kulipa.

Tulipokwisha kuondoka, mambo yalibadilika kabisa.

Mzee aliketi shetri, karibu na usukani, akafungua begi la turubai na kutoa albamu yenye kurasa za plastiki. Ndani yake mna nakala za picha za kale za uso wa mji, kadi za posta zikiwa nyingi, baadhi zikiwa na majina ya studio zilizokuwapo Zanzibar zamani, kama vile A. C. Gomes na Coutinho, Wagoa waliokuwa wakipiga picha mjini humu tangu karne ya 19. Sehemu kubwa ya picha hizo zilipigwa kutoka kwenye meli zilizotia nanga bandarini. Hilo sikuwa nimelifikiria kwa uzito unaostahili: waliotupatia sura ya mji huu walikuwa wakiutazama kutoka majini, na majumba yenyewe yalijengwa ili yatazamwe kutoka huko. Masultani walijenga majumba yao mstari wa mbele, ukutani mwa bahari, ili nahodha anayetoka Maskati au Bombay, akisukumwa na kaskazi, aone kwanza nani mwenye mji.

Kisha akatufundisha namna ya kuitafuta sehemu ambayo mpiga picha wa zamani alisimama. Alichomoa nakala moja, akanyoosha mkono, akafumba jicho la kushoto. Pichani, ukingo wa mnara wa Ngome Kongwe ulikuwa umeachana na kona ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la sultani lililo jirani yake, kwa nafasi ndogo, kama upana wa kidole. Mbele yetu, nafasi ile ile ilikuwa pana kama kiganja. "Mwanangu, rudi Shangani kidogo," akamwambia nahodha, na mashua ikateleza polepole huku nafasi baina ya majengo mawili ikipungua mbele ya macho yetu, mpaka akasema, "Hapo." Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Sasa tulijua tuko kwenye mstari mmoja na mpiga picha yule. Kilichobaki kilikuwa kusogea mbele au nyuma juu ya mstari huo. Alichagua majengo mengine mawili, upande wa kushoto, akafanya hivyo hivyo, na pale mistari miwili ilipokutana akatuambia tupige. Hakuna chombo cha kisasa kilichotumika. Vilihitajika vitu viwili vilivyokuwapo zamani na vilivyopo leo, na baharia anayejua kuishika mashua mahali pamoja.

Nakala aliyoishika ilikuwa ya bandari baada ya tarehe 27 Agosti 1896. Siku hiyo, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Waingereza zilianza kulipiga kasri ambamo Khalid bin Barghash alikuwa amejitangaza sultani, na vita vikamalizika kabla saa moja haijatimu. Wengi huandika dakika 38, wengine 45. Meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa papo hapo bandarini. Maji hayakuwa ya kina kirefu, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya bahari kwa miaka mingi, mpaka mabaki yake yalipovunjwa mwaka 1912. Pichani milingoti hiyo inaonekana mbele ya mji, mitatu, bila matanga, kama miti iliyokufa shambani. Nilipotazama kupitia lenzi yangu mahali pale pale, palikuwa na maji matupu ya kijani, na nyuma yake wavulana wakipokezana kuruka kutoka ukuta wa Forodhani, mmoja akiwa angani miguu juu. Nikabonyeza. Picha hiyo nimeichapisha na kuibandika pembeni ya nakala ya ile ya kale, na ndiyo iliyonifanya niamini kwamba fedha yangu haikupotea.

Mzee ana elimu nyingine ambayo sijaikuta kwa mwongozaji yeyote wa miji ya bandari, nayo ni kuusoma umri wa picha kutokana na mstari wa majengo. Ukiona mnara mrefu uliosimama peke yake mbele ya majumba ya sultani, ule uliokuwa na taa ya kuongozea vyombo, picha ni ya kabla ya Agosti 1896, kwani mizinga ya siku ile iliuharibu. Baina ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel pakiwa na jumba jingine kubwa, hilo ni Beit al-Hukm, nalo pia halikuiona Septemba ya mwaka huo. Beit al-Ajaib ikiwa na mnara wa saa usoni pake, picha ni ya 1897 au baadaye, kwa kuwa mnara huo uliongezwa katika matengenezo yaliyofuata vita. Jumba lenyewe lilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 bila mnara huo. Milingoti ya Glasgow ikionekana, uko kati ya 1896 na 1912. Mtini mkubwa wa pale pwani, ambao mafundi wa mashua hukaa chini ya kivuli chake, ulipandwa mwaka 1911 na Sultan Khalifa bin Harub, kwa hiyo mti mchanga ni dalili na mti mkubwa ni dalili nyingine.

Kijana wa Chake Chake aliuliza picha zetu za siku hiyo zitasomwaje na watu watakaokuja baadaye. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaonyesha kwa kidole palipokuwa mnara wa saa. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati jengo likiwa katika ukarabati, mnara ule na sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Beit al-Ajaib viliporomoka, na watu wawili waliokuwa kazini walipoteza maisha. Siku tuliyokwenda, pale palikuwa na mabati ya uzio na viunzi vya ujenzi. Wapiga picha wengi huyakwepa mabati hayo, huvuta lenzi mpaka yatoke kwenye fremu, na mimi nilikuwa nimeanza kufanya hivyo hivyo. Mzee alinishika bega akaniambia, "Yaache, bwana. Hayo ndiyo mwaka wako." Tangu hapo nimeacha kuyaondoa mabati, nyaya na matangi ya maji kwenye picha za miji ya kale, na nikiziangalia picha zangu za Bagamoyo na Kilwa nilizozisafisha kwa bidii miaka ya nyuma, naona kwamba nilifuta tarehe zake.

Kuhusu mwanga wenyewe, mwezi una maana kubwa kuliko waongozaji wengi wanavyowaambia wateja. Ukuta wa mji, kuanzia Forodhani hadi Mizingani, umeelekea kaskazini-magharibi. Kuanzia Juni hadi Agosti jua huzama likiwa limesogea kaskazini, hivyo mwanga wa saa kumi na moja na nusu unaupiga uso wa majumba moja kwa moja, na hata nakshi zilizo ndani ya veranda huonekana. Disemba na Januari jua huzama likiwa limesogea kusini, na mwanga ule ule hupita kwa ubavu, ukiukwaruza ukuta bila kuumulika. Kwa jengo lenye michongo mingi, kama Dispensari ya Zamani, hali hiyo inaweza kuwa nzuri sana kwa sababu kila mchongo hupata kivuli chake, lakini kwa kuta pana na bapa kama za Ngome Kongwe haifai. Masika, kati ya Machi na Mei, ni bahati nasibu. Mzee aliyajua haya yote na aliyaeleza vizuri, ila ilibidi aulizwe. Ningependa ayaseme mapema, mteja anapopiga simu kutaka nafasi, kwa sababu mtu anayesafiri kutoka Arusha au Nairobi ana haki ya kuchagua mwezi kwa kujua.

Dispensari ya Zamani ndilo jengo nililolipiga picha nyingi zaidi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama za Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyefariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, na ujenzi ulimalizika 1894. Baadaye likanunuliwa na kufanywa zahanati ya hisani, ndipo likapata jina linalojulikana hadi leo. Miaka ya 1990 lilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Ukilitazama kutoka barabarani Mizingani huna nafasi ya kurudi nyuma. Unapata kipande cha roshani, nguzo, na magari yaliyoegeshwa. Kutoka majini unaliona lote. Roshani zake za mbao zimechongwa kama kitambaa cha kufuma, na saa kumi na moja na dakika arubaini mwanga ulipenya kwenye matundu ya mbao na kuchora vivuli vyake juu ya ukuta mweupe wa nyuma, mstari kwa mstari, kiasi kwamba kwa dakika tatu hivi jengo lilionekana limechongwa mara mbili. Nahodha, bila kuambiwa, alikuwa amezima mashine na kuliacha tanga lilegee ili chombo kisitetemeke. Mtu anayefanya hivyo bila kuombwa amekwisha kuielewa kazi ya picha.

Kupiga picha ndani ya mashua kuna adabu zake, na hapa huduma ilikuwa ya kiwango cha juu. Stendi za kamera ziliachwa ufukweni, kwani juu ya maji hazina kazi. Chombo kinatikisika pamoja nazo. Tulishauriwa tusishuke chini ya sehemu ya 1 kwa 500 ya sekunde, tukae badala ya kusimama, na viwiko tuviegemeze mapajani, si kwenye ubao wa mashua unaoleta mtetemo. Lenzi hazikubadilishwa baharini hata mara moja. Mzee alikuja na chupa ya maji baridi na vitambaa laini, na kila baada ya muda alikuwa akitukumbusha kufuta kioo cha mbele, kwa sababu chumvi hutua polepole bila kuonekana na unagundua nyumbani kwamba picha zote zina ukungu. Nilitumia lenzi mbili kwenye kamera mbili, moja pana kiasi na nyingine ya kuvuta, na ile ya kuvuta ndiyo iliyofanya kazi zaidi. Bandari kuu ya Malindi hatukuikaribia wala kuipiga picha, na jambo hilo tuliambiwa wazi tangu mwanzo kwamba ni eneo la ulinzi. Bwana wa Arusha alikuwa na droni begini. Aliambiwa kwa upole kwamba haitaruka bila kibali, na haikuruka.

Matembezi ya vichochoroni yalitangulia safari ya bahari, na hapo ndipo ratiba ilipokosewa. Tulianza saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati ambapo kichochoro kina ukanda mmoja mweupe unaounguza macho na pande mbili nyeusi zisizoonyesha kitu. Kamera haiwezi kuvimudu vyote kwa pamoja. Laiti tungeanza saa nane na nusu, ukanda ule ungekuwa umekwisha kupanda kwenye kuta za juu, na chokaa ingekuwa inarudisha chini mwanga laini ambao mbao za milango huupenda. Nilimweleza mzee, akakubali kwamba saa sita imewekwa kwa ajili ya wageni wanaotaka kupata chakula cha mchana katikati. Sababu hiyo naielewa, lakini siikubali kwa huduma inayojitambulisha kuwa ya picha.

Hata hivyo kulikuwa na mlango mmoja, karibu na Hurumzi, uliokuwa ndani ya kivuli cha nyumba ya mbele yake, na huko tulikaa nusu saa. Misumari yake ya shaba ilikuwa imesuguliwa siku hiyo hiyo. Ilikuwa bado na weupe wa dawa ya kusugulia kwenye mashina, pale kitambaa kisipofika. Kwenye mhimili wa kati mchongaji alikuwa ameanza ua la yungiyungi kwa ustadi mkubwa chini, na kadiri linavyopanda juu patasi inaonekana kuharakishwa, majani yakiwa mafupi na mistari ikiwa ya kina kidogo. Bibi mwenye nyumba alitoka, mzee akamsalimia shikamoo na kumuulizia hali ya wajukuu, na baada ya hapo ndipo akamwomba ruhusa tuupige mlango picha. Bibi alikubali kwa mlango, akakataa kwa yeye mwenyewe, na kamera zote zikateremshwa mpaka aliporudi ndani. Nimekwenda na waongozaji wanaowaambia wageni wapige haraka kabla mtu hajageuka. Tofauti ni kubwa, na wenyeji waliokaa barazani wanaiona. Mchana ule tulikaribishwa kahawa mara mbili.

Mkunazini tulipita kwa haraka mno. Kanisa la Kianglikana lililopo pale limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi uliongozwa na Askofu Edward Steere, mtu ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu pia kwa kazi yake ya kuiandika lugha yetu. Uani kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Mzee alituambia dakika kumi zinatosha. Hazitoshi. Historia ya bandari hii haina majumba ya masultani na ya matajiri peke yake. Karafuu na pembe za ndovu zilizolipia nakshi zile zilibebwa na watu, na watu hao nao walipitishwa kwenye ufukwe huo huo tuliopandia mashua. Mpiga picha anayeondoka na roshani za Mizingani bila kukaa kimya Mkunazini kwa muda, hata kama hatapiga picha yoyote, ameondoka na nusu ya mji. Ningefurahi sehemu hii iongezewe muda kwa kupunguza duka la viungo, ambako tulipoteza dakika arubaini.

Tulirejea nchi kavu kabla ya adhana ya magharibi, kama tulivyoambiwa, ili mzee na nahodha wawahi kusali. Sikupoteza kitu. Jua likishazama, uso wa mji unazimika, na mwanga wa buluu unaofuata unapigwa vizuri zaidi kutoka ukutani, ambako stendi ina mahali pa kusimama.

Zile picha tano za karatasi zilinifikia Dar es Salaam baada ya siku kumi na mbili badala ya tano nilizoahidiwa, na mbili kati yake zilikuwa zimezidi ubuluu, kuta za chokaa zikionekana kama za bafu la hospitali. Kosa ni la duka la uchapishaji wanalolitumia, ila mteja hakuingia mkataba na duka. Nilipolalamika, mzee alizichapisha upya mahali pengine kwa gharama yake, na hizo mpya zina ule uvuguvugu wa manjano hafifu ambao ndio rangi halisi ya chokaa ya Unguja saa kumi na moja jioni. Anayetaka kuona picha nzuri ya karatasi ya mji huu inavyokuwa, kabla hajakubali za kwake, apite Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi kwa Gomes. Mimi nilikaa pale asubuhi nzima ya siku iliyofuata mbele ya picha nyeusi na nyeupe zilizotundikwa ukutani, nikizisoma umri kwa kanuni za mzee, na kwa mara ya kwanza niliweza kuziweka katika mpangilio wa miaka bila kugeuza nyuma kutafuta tarehe.

Kwa bei yake, safari hii ni ghali kuliko zile za kawaida za machweo, ambazo wengi watazichagua na wana sababu. Anayetaka upepo, juisi na picha ya familia juu ya mashua hana haja ya albamu wala ya kusogezwa mita kumi kushoto ili mnara ugusane na kona. Lakini kwa mtu anayeichukulia picha kama ushahidi, nampa mzee huyu nyota nne kati ya tano, ile ya tano ikiwa imezuiliwa na jaketi la nne pamoja na saa sita mchana. Nimekwisha kulipia nafasi mbili za Disemba, yangu na ya binti yangu, kwa sharti kwamba vichochoro vitaanza saa nane na nusu na duka la viungo litaachwa. Mzee amekubali, na ameniambia nije na lenzi ya kuvuta, kwa sababu mwanga wa ubavu utakuwa kwenye roshani za Dispensari kwa muda mfupi mno.